Baba wa Mahindi Yangu

Sisi Waluguru mtu hatumuulizi baba yake ni nani. Tunamuuliza mama yake ni wa lukolo gani, yaani ukoo gani, na akishajibu tumemaliza. Baba ni mtu mzuri, tunamheshimu, tunampakulia nyama ya kidari. Lakini mtoto ni wa upande wa mama, ardhi ni ya upande wa mama, na ukifa watakaosimama mbele kaburini ni ndugu za mama yako. Nimelelewa hivyo kule Matombo, na sikuwahi kuona ubaya wake mpaka nilipoanza kulima mbegu.

Kulima mbegu si kulima mahindi. Wengi hawajui, kwa hiyo naeleza. Mbegu chotara unayonunua dukani kwenye mfuko wenye picha ina mama na baba, na hao wazazi lazima mtu awapande pamoja shambani ili wazaane. Mtu huyo kwa miaka kadhaa nimekuwa mimi, kwenye shamba langu la tambarare, chini ya mlima, ukitokea Kingolwira. Kampuni inakuletea mifuko miwili, wa mama na wa baba. Unapanda mistari minne ya mama, mmoja wa baba, minne ya mama, mmoja wa baba, mpaka mwisho wa shamba. Wazazi wenyewe ni wanyonge, vijani vyembamba, ukiwaona utasema mbolea imekosekana. Watoto wao ndio wanampita mtu kimo.

Kazi yote iko kwenye mbelewele. Hindi ni mwanamke katikati na mwanamume juu: pale katikati ndevu, kule juu mbelewele yenye unga. Ukimwacha mama na mbelewele yake atajipa mimba mwenyewe, na mtoto atatoka mnyonge kama yeye. Kwa hiyo kila asubuhi, umande haujakauka, tunapita mstari kwa mstari kung'oa mbelewele za mama kabla hazijafunguka. Za baba tunaziacha. Upepo unafanya mengine. Baba akishamaliza kazi yake tunamfyeka, anakwenda kuliwa na ng'ombe.

Nilikuwa na wanawake saba wa kikundi changu, na nilikuwa mkali kwao, sikatai. Mimi nilipita nyuma yao. Nikikuta mbelewele moja imebaki naing'oa, naibeba mpaka kwa mwenye mstari, namwekea mkononi bila kusema neno. Ya pili namwambia kesho apumzike nyumbani. Wenyewe walikuwa na maneno yao. Mmoja, wifi yangu, alipenda kusema:

"Huyu mama wa mahindi ana bahati. Mume anakuja na upepo, hafuliwi nguo, na kazi ikiisha wanapewa ng'ombe wamle."

"Fanya kazi," namwambia.

"Nafanya, wifi. Namwonea wivu huku nafanya."

Mwaka ninaouandika tulivuna vizuri. Mahindi yalipukuchuliwa, kampuni ikachukua sampuli kama kawaida kabla ya kufunga mifuko. Wiki chache baadaye bibi shamba wa kampuni, binti mwenye adabu ambaye ndiye anayetukagua, akaja na pikipiki yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa."

"Nimeshukuru, bibi, nitasimama."

Mtu akikataa kiti kwangu najua kaleta jambo.

"Sampuli yako imerudi," akasema. "Mbegu si safi."

"Ina mchanga?"

"Si mchanga, bibi. Vinasaba. Kuna punje zimechanganyika. Ofisini wanasema mbelewele ziliachwa."

Nilikuwa nimeshika ungo. Nikauweka chini, kwa sababu nilitaka mikono yangu iwe mitupu.

"Nani kasema?"

"Ofisa. Anasema ndiyo sababu ya kawaida. Na kama ni mbelewele, bibi, msimu ujao hawatakupa wazazi. Jina lako litatoka kwenye orodha, na kikundi chako chote."

Basi hilo ndilo lilikuwa jambo. Mbegu ile kwenda kusagwa unga ningevumilia, unga ni chakula. Lakini kuambiwa mkono wangu uliacha mbelewele, na wanawake saba waliolowa umande msimu mzima waitwe wazembe, na tusipewe tena shamba la mbegu mpaka nife! Nikamwambia, "Wewe ulikuja kukagua mara ngapi?"

"Kila wiki."

"Uliona mbelewele ya mama hata moja?"

Akatazama chini. "Sikuona."

"Basi ofisa wako anasema wewe pia ni kipofu."

Hapo ndipo akaniambia kwamba kipimo kile kilikuwa cha haraka, kinasema safi au si safi, basi. Kipo kingine kirefu kinachosema mzazi ni nani. "Kama zile kesi za kupima DNA za mtoto, bibi. Kinaangalia alama za vinasaba."

Neno hilo nililigeuza kichwani siku nzima. Mimi nimeishia darasa la nne, lakini nasaba naijua. Kwenye maulidi tunasomewa nasaba ya Mtume, fulani mwana wa fulani mwana wa fulani, na ile inahesabiwa kwa baba. Mlimani tunahesabu kwa mama. Sasa hawa wa maabara wameichukua nasaba, wameikatakata vipande vidogo, wakaiita vinasaba, na vipande hivyo wanavihesabu pande zote mbili. Nikasema, haya, wahesabu. Upande wangu uko safi.

Nikamwambia bibi shamba lazima kipimo hicho kifanywe, na mimi niwepo wakisoma majibu. Akaenda kuomba, wakakubali.

Maabara ile iko mjini. Ni chumba cha baridi kama asubuhi ya Mgeta kule mlimani. Walinivalisha koti jeupe juu ya kanga zangu. Binti wa maabara, mwenye miwani, alinieleza taratibu bila kunionea huruma, nikampenda kwa hilo. Punje zangu waliziotesha kwenye visahani, zikatoa jani, wakachuna kipande cha jani kidogo kuliko ukucha. Kile kipande wanakisaga, wanatoa vinasaba, mashine inavizidisha mpaka vionekane, halafu wanapiga picha. Picha yenyewe ni nyeusi, ina vistari vyeupe, kama mkeka uliosukwa kwa ukili wa rangi mbili.

"Bibi, tazama hapa," akasema. "Huyu ni mama tuliyekupa. Kistari chake kiko juu. Huyu ni baba. Kistari chake kiko chini. Mtoto halali lazima awe na vyote viwili, cha juu na cha chini."

"Na mama akijipa mimba mwenyewe?"

"Mtoto atakuwa na cha juu peke yake."

"Nionyeshe hao wa cha juu peke yake."

Akapitisha kalamu juu ya picha, kistari baada ya kistari, punje baada ya punje. Akageuza karatasi ya pili, na ya tatu.

"Hakuna, bibi. Hata mmoja."

"Rudia."

"Hakuna hata mmoja aliyejichavusha. Mbelewele zenu mlizing'oa zote."

Nikasema alhamdulillahi kwa sauti, na bibi shamba akanishika bega. Nilitaka niondoke muda uleule nikamtafute yule ofisa. Lakini binti hakuwa amemaliza.

"Tatizo ni hawa," akasema. Akaonyesha watoto wengine, si wengi, waliokuwa na kistari cha juu cha mama, na chini hakuna kitu. Katikati palikuwa na kistari ambacho hakikuwa cha mama wala cha baba. "Mama yupo kwa wote. Ila hawa wana baba mwingine."

"Nani?"

"Ndiyo tunataka utuambie wewe."

Sikufikiri hata kidogo. Ng'ambo ya kijito kilichopakana na shamba langu analima mzee mmoja Mnyamwezi, alikuja zamani na kazi za reli, hakurudi kwao. Analima mahindi ya kuchoma. Nani mwingine?

Nilimkuta uani kwake anasuka tenga, na wageni wawili wamekaa. Sikungoja waondoke.

"Mtani!" nikamwita. "Mahindi yako yamevuka kijito yamenizalia watoto."

Hakuinua uso. "Yamekuzalia? Basi niambie mahari nilete lini."

"Sina utani leo."

"Huna utani? Mimi na wewe nisipokutania, siku ukifa nani atakuja kulala kwenye kaburi lako adai kanga?" Wageni wakacheka. "Keti, mama wa mlimani, upumzishe ule mguu wako mfupi."

Wanyamwezi hutuambia kwamba tuna mguu mmoja mfupi kwa kutembea kwenye mteremko. Nami kwa kawaida humjibu kwamba yeye hana shingo kwa kubeba mizigo ya Waarabu. Siku ile sikujibu. Nikamweleza yote: kistari cha juu, kistari cha katikati, wanawake wangu saba, orodha. Akaacha tenga.

"Sikiliza," akasema. "Mwaka huu nilichelewa kupanda. Yangu yalipotoa mbelewele, ndevu za yako zilishakauka. Lakini usiniamini, mimi mpagazi tu." Akaingia ndani akatoka na mahindi mawili ya mbegu yaliyofungwa kwa maganda yake. "Wapelekee. Wakikuta ni mimi, mtoto nitamlea. Wakikuta si mimi, nataka jogoo, na umlete mwenyewe mchana kweupe, umeweka mtandio vizuri."

Wale wageni walilisambaza neno hilo mpaka stesheni. Kufika Ijumaa kila mtu alijua kwamba nimemshitaki Mnyamwezi kwa uzinzi wa mahindi.

Nikapeleka mahindi yake. Wakaotesha, wakachuna, wakasaga. Tuliporudi, mimi na bibi shamba, binti wa miwani alikuwa ameshaweka picha mbili sambamba.

"Si yeye," akasema. "Vistari vyake viko mbali kabisa na kile cha katikati. Hahusiki."

Akafungua daftari lake akaanza kuniuliza maswali, polepole, kama mkunga. Je, kulikuwa na mahindi mengine upande wa pili? Hakuna. Kuna maotea ya mwaka jana yaliyojiotea yenyewe? Tuliyang'oa. Mifuko ya baba ilikuja imefungwa? Imefungwa, niliifungua mimi.

"Baba aliota yote? Hapakuwa na mapengo?"

"Kulikuwa na mapengo. Ngedere walifukua mstari mmoja wa upande wa kijito."

"Ulifanyaje?"

Hapo nikakumbuka. Sikuwa nimelificha jambo hili. Ningelificha ningelikumbuka. Nililisahau kwa sababu kwangu halikuwa jambo.

Ngedere walipofukua ule mstari, mbegu ya baba ilikuwa imekwisha. Nilitazama lile pengo nikaona aibu, shamba la mtu kama mimi kuwa kibogoyo. Nikaenda jikoni. Juu ya mafiga, kwenye dari, huning'iniza mahindi ya mama yangu mzazi, aliyonipa niliposhuka kutoka Matombo, na kila mwaka nayapanda kidogo nyuma ya nyumba, baada ya msimu, yasipotee. Punje nyeupe, ngumu, ukizichanganya na nyingine jicho halitambui. Nikapukuchua hindi moja, nikarudishia pengo. Nilikuwa peke yangu. Yakaota, yakatoa mbelewele, yakafyekwa pamoja na baba wengine, yakaliwa na ng'ombe.

Ningeweza kusema sikurudishia kitu. Ng'ombe hawatoi ushahidi. Mbelewele zilikuwa zimeshasafishwa, wanawake wangu walikuwa salama, na yule baba wa kistari cha katikati angebaki asiyejulikana. Wangesema labda upepo umetoka mbali. Na Mnyamwezi angetazamwa kwa jicho la pembeni mpaka mwisho wa siku zake, maana watu hawasomi karatasi za maabara, wanakumbuka nilichosema mimi uani kwake.

"Nilirudishia," nikasema. "Kwa mahindi ya nyumbani."

Bibi shamba akaruka. "Bibi! Na ulivyo mkali! Kwa nini?"

"Lilikuwa pengo."

"Ungefanya hivyo kwenye mstari wa mama?"

"Wee! Kwa mama? Bora ningekatwa mkono."

Mashine zao ziliendelea kuvuma. Nikasikia nilichokisema, na nadhani wao pia walisikia. Msimu mzima nilimlinda mama kama mboni ya jicho. Baba nilimjazia yeyote, mradi asimame kwenye mstari. Kichwani mwangu mtoto alikuwa ameshapata ukoo wake, mama yake yupo, baba wa nini?

Binti wa miwani alikuwa Mluguru pia, kumbe. Alisema kwa Kiluguru neno ambalo siliandiki hapa, halafu akacheka, na mimi nikamtazama mpaka akaacha.

Kesho yake niliteremsha hindi moja kutoka darini, nikalifunga kwenye kitambaa safi, nikalipeleka mwenyewe. Majibu yalichukua muda. Aliniambia mahindi ya mlimani yamechanganyika, si kama wale wazazi wa kampuni ambao kila mche unafanana na mwenzake. Kwa hiyo alipima miche mingi, na akatumia alama nyingi, si ile moja tu. Mwisho akanionyesha kile kistari cha katikati, kimekaa palepale, na akasema alama nyingine nazo zinakubaliana. Akaniomba punje za kuhifadhi. Nikampa kumi, nikamwambia zaidi ya hapo apande mwenyewe.

Niliwaita wanawake saba kwangu. Nikawaambia: "Mbelewele zenu zilikuwa safi zote. Kosa ni langu, nilirudishia mstari wa baba kwa mahindi ya darini."

Wifi yangu akasogeza sikio. "Rudia, wifi. Huyu wa nyuma hakusikia."

"Amesikia."

"Hakusikia. Hata mimi sikusikia vizuri, ni lile neno baada ya 'kosa ni'."

Nikarudia. Nadhani walifurahi kuliko siku ya mavuno.

Jogoo nilimpeleka mchana, mtandio umekaa. Mnyamwezi alimpokea, akampima uzito kwa mkono mmoja.

"Haya, baba amepatikana?"

"Ni mahindi ya mama yangu."

"Ya ukoo wenu wenyewe?" Akamgeukia jogoo. "Umesikia? Mwaka mzima mimi natukanwa, kumbe wameoana ndugu kwa ndugu."

"Nimekuja kukuomba radhi, nawe unanitukana."

"Radhi nimeshakupa, mtani. Tusi ni nyongeza. Kaa basi, ugali unakuja."

Nikakaa. Nilipomaliza kula nilimwambia shingo yake imezidi kuzama, na yeye akaitikia.

Ikabaki ofisi. Nilikwenda na bibi shamba, nikiwa nimeshika karatasi za maabara. Ofisa ni mtu mzima, ana mvi kidogo, anaongea polepole. Alisoma zote. Akasema mbegu haiwezi kuwa mbegu, itakwenda kusagwa. Nikamwambia hilo nalijua, sikuja kwa hilo. Nimekuja kwa mambo mawili. La kwanza afute maneno yake juu ya mbelewele, kwa sababu karatasi inasema hakuna mtoto hata mmoja aliyejichavusha, na amwulize bibi shamba ni mashamba mangapi aliyokagua yamepata jibu kama hilo.

Bibi shamba akasema, "Mwaka huu hakuna jingine."

Ofisa akachukua kalamu, akakata mstari kwenye faili, akaandika juu yake. Nikamwomba anisomee alichoandika. Akanisomea.

"Na la pili?"

"Nipewe wazazi msimu ujao."

Akaegemea kiti. "Bibi, wewe umekosea kosa kubwa kuliko kuacha mbelewele. Umeingiza mgeni kwa mkono wako."

"Ndiyo. Na nimelisema kwa mdomo wangu. Ungependa kumpa shamba anayekosea akasema, au anayekosea akanyamaza?"

Akageuza karatasi ya ramani ya shamba langu, akaweka kidole kwenye mistari ya baba. "Mwaka ujao ngedere wakija tena. Mbegu ya baba imekwisha. Pengo liko wazi, kila anayepita anaona. Utafanyaje?"

"Nitaliacha pengo."

"Hata likiwa refu?"

"Baba watoto alifariki mwanangu wa mwisho hajaanza kutambaa," nikamwambia. "Pengo la baba naweza kukaa nalo."

Hakutabasamu, na mimi sikutabasamu. Halafu akavuta fomu mpya, akaniuliza mistari ya baba itakaguliwa na nani. Nikasema itakaguliwa na bibi shamba kila wiki, na kila siku itakaguliwa na wifi yangu, kwa sababu yeye ndiye mwenye hamu kuliko wote ya kunikuta na kosa. Akaandika. Nikaweka sahihi, jina langu lote, herufi kwa herufi, bila kuharakishwa.